Unga wa Mahameni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo wana maana kwamba wanapenda familia zao. Mimi nina maana kwamba sipendi kutoka. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika kutafuta kazi Songea na Dar es Salaam. Mimi nilirudi kwa mama na sanduku langu la bati, nikakaa jikoni kwenye kigoda kile kile nilichokiacha.

Mama alinitazama. "Serikali imekusomesha uje kuchochea moto?"

Nikamwambia serikali haikunikataza.

Kwa hiyo kuhamishwa kuliniuma kuliko kulivyowauma wengine. Kwetu Umatengoni kila ukoo ulikuwa na kilima chake, na kilima chetu nilikuwa nimekizoea. Mwaka ule tuliteremshwa, tukapangwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa upande wa Namswea, nyumba zimenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Faida zilikuwa wazi. Shule ilikuwa karibu, bomba lilikuwa njiani linakuja, na mashine ya kusaga ilikwishafika. Kilichokosekana ni cha kusaga. Wakati wa kupanda sisi tulikuwa tunajenga, na mvua haikutusubiri. Mavuno yetu baba aliyabeba begani kutoka shamba hadi nyumbani, wala hakupumzika njiani.

Ndipo nikapata mchumba.

Alikuwa mwalimu wa shule yetu, kijana wa ziwani. Nadhani alinipenda kwa sababu kila alipopita nilikuwepo. Yeye Mwanglikana, sisi Wakatoliki, lakini hilo waliachiwa wanaume walizungumze, maana halikuhitaji unga. Kilichohitaji unga ni shangazi yake. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, na bila neno lake hakuna posa.

"Shangazi anapanda kuja kukuona," mwalimu akaniambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni kwa heshima.

"Aone nini?"

"Amesikia umesoma. Anasema wasichana waliosoma wanapika kwa maneno."

"Na akikuta ndivyo?"

Akatazama viatu vyake. Mwalimu huyu alikuwa amewahi kubishana na bwana shamba mkutanoni mbele ya kijiji kizima. Lakini kubishana na shangazi yake lilikuwa jambo jingine. Nikaelewa. Shangazi akila akaridhika, nitaolewa. Asiporidhika, nitabaki kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza maishani kigoda kile kikaniumiza.

Nyumbani tulikuwa na makopa kidogo ya muhogo na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Nikasema tupike yanga. Mama akakataa kabisa.

"Mkwe hapewi msaada," alisema. "Nenda mahameni."

Mahame ni pale tulipohama, kilimani kwetu. Mama alikuwa amepita huko akitafuta kuni, akakuta mchicha pori umejaa, umekomaa hadi kuzaa masuke. Alipokuwa mdogo, mwaka wa njaa, waliwahi kusaga mbegu zake wakala ugali. Nilimuuliza ulikuwaje. Akasema, "Tulikula." Sikupata maelezo zaidi.

Nilipanda kilimani. Paa halikuwepo, milango tulihama nayo, kuta zilibaki. Mchicha ulikuwa umeota zizini, umeota kwenye jalala la majivu, na ulikuwa umeingia hadi ndani. Mahali hasa nilipokuwa nikilala ulisimama mmoja ulionona kuliko mimi. Nilianza na huo. Mchicha wa aina hii una miiba, jambo ambalo mama hakulitaja. Nilikata masuke, nikayaanika juu ya mkeka, nikayapiga kwa fimbo, nikapepeta kwa ungo. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo kama mchanga, zinang'aa. Upepo ukivuma kidogo tu, nusu ya kazi inahamia kilima cha jirani.

Nilipopata za kutosha, elimu yangu ikaanza kusema. Kwa nini nihangaike na jiwe, na kijiji kina mashine? Nikajitwika mfuko hadi mashineni.

Fundi wa mashine alichungulia ndani ya mfuko. "Dada Fomu Foo, umeleta baruti?"

"Saga tu, kaka."

Akamimina. Mashine ikanguruma, na chini zikatoka mbegu zile zile, nyeusi zile zile, isipokuwa zilikuwa zimepakwa weupe kidogo wa mahindi ya waliotangulia. Kwa mbali ungedhani ni unga.

"Imesagika?" nikauliza.

Akachukua kidogo, akasugua kwa vidole. "Imepita. Matundu ya chekecheke ni ya mahindi, dada. Huyu mtu wako amepita mlangoni bila kubisha hodi."

Mama alionja, akatema. "Hii imetembezwa," akasema. "Rudi ukasage."

Jiwe letu la kusagia lilikuwa bado kule kule mahameni. Lile dogo la juu tulilichukua, lile kubwa la chini wanaume walilitazama siku ya kuhama, wakasema watalirudia. Basi nikapanda tena na mfuko wangu na lile jiwe dogo. Niliwasha moto kati ya kuta zetu, nikakaanga mbegu kidogo kidogo kwenye kigae hadi zikaanza kurukaruka, kisha nikapiga magoti nikasaga. Ukikaanga zinalainika, zinanukia. Usipokaanga zinakimbia chini ya jiwe. Haya niliyajua baada ya muda.

Nilisaga hadi viganja vikatoka malengelenge, na malengelenge yakapasuka. Mama alipokuja kuniangalia alinikuta nimepumzika, nimeegemea ukuta wa chumba changu cha zamani.

Akatazama chini. "Umefagia?"

"Kidogo."

"Nyumba isiyo na paa?"

"Vumbi lilikuwa ndani, mama."

Alikaa karibu nami, akachukua jiwe akasaga kidogo, akanirudishia. Tulipata unga wa mlo mmoja mkubwa. Mbegu zilizobaki, zilizotembezwa lakini hazikukaangwa, zilirudi na mfuko wake.

Shangazi alifika amechoka. Alikuwa amepandisha mlima kwa miguu, akalala Kingerikiti kwa ndugu zake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya kuhesabu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Ndiye wewe uliyesoma?"

"Kidogo, mama."

"Hicho kidogo tutakiona."

Alituletea kikapu cha usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, wamejaa hadi juu. Tulichemsha wale usipa, na mimi nikasonga. Mama alikuwa amechanganya unga wangu na wa makopa ili ushikamane. Ugali ulitoka na rangi ya wingu la mvua. Tukauweka mbele ya mgeni. Baba alisali sala ndefu kuliko kawaida yake, nadhani ili giza liingie kidogo.

Kwa ukweni mtu haulizi chakula ni cha nini. Shangazi hakuuliza. Alimega, akachovya, akatafuna polepole. Akamega tena. Akala wote uliokuwa upande wake. Kisha akainuka, akasema anakwenda jikoni kuomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Nilikuwa jikoni. Akasimama mbele yangu.

"Unga huu umesagwa mashineni?"

"Hapana, mama. Jiweni."

"Na nani?"

"Mimi."

"Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Aligeuza viganja vyangu kwenye mwanga wa moto, akavitazama kwa muda, akarudi sebuleni bila chumvi. Nikamsikia akimwambia baba, "Kusaga anajua. Kupika atafundishwa."

Hiyo ndiyo sifa niliyoolewa nayo.

Asubuhi mgeni alijifunga khanga tayari kuondoka, na mama akanivuta nyuma ya nyumba. Kikapu cha mkwe hakirudishwi kitupu. Tena kilikuja na kitoweo, lazima kirudi na unga. Na unga tuliumaliza wote usiku kwa furaha.

"Kikirudi hivi hivi," mama alinong'ona, "atasema tumemlisha akiba yetu ya mwisho."

"Si ndivyo ilivyo?"

"Ndiyo maana asijue."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mbegu zilizotembezwa, na weupe wake wa mahindi ya watu. Akamimina kikapuni, akafunika kwa jani la mgomba.

"Mama, hizo ni mbegu."

"Mbegu ni unga ambao haujasagwa. Nyamaza, msomi."

Shangazi akashukuru, akajitwika, akashuka zake ziwani. Mwaka uliofuata nami nikashuka, na sanduku langu la bati. Ziwa lilikuwa kubwa kupita kiasi, na watu wa pale walikuwa wanapenda kutoka. Nilitafuta kona jikoni. Mvua za kwanza ziliponyesha, uwanja mzima wa shangazi ukawa kijani, kuanzia mlangoni hadi kwenye kichanja cha kuanikia samaki.

Akaniita nje. "Mwanangu, njoo uone. Unga wa kwenu umeota."

Nikatazama chini.

"Niliuchekecha, wote ukapita," alisema, bila kucheka. "Nikausonga, ukalia menoni kama mchanga. Nikawamwagia kuku uwanjani, wakanitazama. Sasa chukua jembe. Ulitoka kwenu, wewe utaung'oa."

Nilipalilia siku nzima. Alipokuja kukagua jioni alipita uwanja wote, akafika nyuma ya jiko, palipokuwa pamesimama michicha iliyonona, na katikati yake kigoda nilichokitoa jikoni.

"Hapa umesahau."

"Sijasahau, shangazi."

Alikitazama kigoda, akanitazama mimi. Kisha akaniambia nirudishe jembe ndani, mvua inakuja.