Kimashine cha Njia za Sigor

Mama mkwe wangu alikuwa na punda mkaidi kuliko mimi. Nilipooa nilipewa kazi ya kupeleka maziwa yake mpaka Silibwet na huyo punda. Mama mkwe kwetu humkatalii. Hata kumwangalia usoni ni shida, sembuse kumwambia punda wako ni mbaya. Nikatembea nyuma ya mkia.

Huyo punda alikuwa anasimama. Si kuchoka, hapana. Anasimama kwenye kila lango ambalo zamani watu walikuwa wanaachiwa maziwa. Wengine walikuwa wamehama. Mmoja alikufa, nyumba ikabomolewa, mahindi yakapandwa hapo. Punda anafika pale, anasimama, anangoja mtu atoke kwenye mahindi na sufuria. Umpige, umbembeleze, haendi mpaka aridhike mwenyewe kwamba hakuna mtu. Maziwa yalikuwa yanafika yameanza kuganda, na mama mkwe anajua ni mimi nilikuwa napiga domo njiani. Sikujitetea. Ungejitetea na nini, na shahidi ni punda?

Lakini kusimama huko kulinifunza. Nilijua lango la kila mtu, aliye hai na aliyekufa. Baadaye nikapata kazi kwenye lori la majani chai, la kuning'inia nyuma na kupakia magunia kwenye vituo vya kununulia, na huko pia nikaongeza njia zingine, Kericho mpaka chini Sotik. Shule niliacha darasa la tatu. Njia nimesoma mpaka mwisho.

Nimesema hayo kwa sababu ya binti yangu, kitinda mimba. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe. Mtu wa mjini asicheke, hiyo ni kazi amesomea. Anabeba mtungi wenye baridi kali, ndani kuna mbegu za dume, na ng'ombe akishikwa na joto asubuhi, yeye afike kabla ya jioni kuisha. Akichelewa, joto limeenda, mwenyewe angoje wiki tatu hivi. Wiki tatu bila mimba ni maziwa yamepotea, na mtu akipoteza maziwa hasahau ni nani alichelewa.

Binti alilelewa Kericho kwa shangazi yake, akapewa eneo la Sigor. Vijia vya huko Chepalungu hakuwa anavijua. Kwa hivyo mimi nilikuwa nyuma yake kwenye pikipiki. Kushoto. Kulia. Pita kwa huyo mwenye mbwa. Mvua ikizidi tunachukua gari langu kuukuu, ambalo mlango mmoja unafungwa na kamba, na hata humo ni mimi wa kusema kushoto, kulia. Nikiri tu: hizo zilikuwa siku zangu nzuri. Watu wanatoka kusalimia, napewa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, naulizwa habari. Mzee gani mwingine anapata hivyo?

Shida ilikuwa nyonga. Ilianza kuuma kidogo, halafu ikawa inaamka kabla yangu. Siku nilipelekwa hospitali, binti alienda peke yake, kwa mama mmoja mjane ng'ambo ya Sigor mwenye ng'ombe mmoja tu duniani. Alielekezwa kwa simu, "Pinda pale kwa mwalimu." Sasa, kila mlima huku kwetu una kwa mwalimu. Na huyo wao alihama kitambo, watoto wake wenyewe wameshakuwa walimu kwingine. Sisi tunaelekeza mtu kwa kitu ambacho hakipo. Pale palipokuwa na mti. Pale duka lilipoungua. Binti aliuliza akaonyeshwa walimu watatu, akafika giza limeingia na ng'ombe ametulia.

Mara ya pili nyonga ilinilaza tena, akajaribu kutumia simu. Mwana wa yule mjane akamtumia alama ya mahali, binti akaifuata kama mtoto mtiifu, akapanda, akashuka, akajikuta katikati ya soko la Chepilat. Kijana amesimama kando ya ndizi zake.

"Ng'ombe yuko wapi?" binti akamuuliza.

"Si yuko nyumbani! Kwani we dada unanunua ng'ombe sokoni?"

"Umenitumia hapa!"

"Nimekutumia mahali niko. Wewe ulisema nitume mahali niko."

Wauza ndizi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na kutoka Chepilat kurudi Sigor si kuruka mtaro. Mvua pia ikashika njiani, simu ikaingia maji, ikazima, akafika tena giza limeingia. Mjane alimngoja langoni na shuka kichwani. Akasema maneno machache tu: "Msichana wangu, mara ya tatu naita yule mwanaume wa Bomet anayepandisha pia." Na huyo mama ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Akimwita mwanaume wa Bomet, mlima wote unamwita.

Usiku huo binti aliniambia, "Baba, siku utashindwa kabisa kupanda hii pikipiki, mimi nitafanya nini?" Nikamwambia mursik imeisha.

Ndipo tukaenda Kericho kutafuta kimashine kinachozungumza na setelaiti. Muuzaji alikuwa mama wa kutoka upande wa ziwa, mcheshi, sauti inajaza duka. Akatuwekea viwili mezani. Kimoja kikubwa kama sahani, cha gari, kinanyonya kioo cha mbele. Cha pili kidogo, kinene, kama sabuni ya kufulia, cha pikipiki. Binti alipenda kile kikubwa kwa sababu ya ukubwa wa kioo chake. Mimi, nikiwa mkweli, niliomba moyoni vyote viwe vibaya.

"Tuvitoe nje," nikasema.

"Mzee, unataka kuvionyesha jua?"

"Si jua ndilo liko Sigor?"

Nje, kile kikubwa kikawa kioo cha kunyolea. Uliona uso wako tu. Kidogo kilionekana vizuri. Nikaomba maji. Yule mama akashika kiuno. "Mzee wewe ni hatari!" Lakini akaleta kikombe, akamwagia kile kidogo mwenyewe, kikaendelea kung'aa. Binti akavaa glavu zake za pikipiki, akakigusa, kikasikia. Akauliza kama kinahitaji mtandao. Hakihitaji, ramani iko ndani. Akauliza kama kitaingia kwenye gari letu pia. Kuna kishikio kingine, unakitoa kwenye usukani wa pikipiki, unakibandika garini, umeme wake kinakula kwenye betri ya gari. Nikaona kinanishinda hatua kwa hatua. Nikatoa swali langu la mwisho, la kukimaliza.

"Hiki kinajua kwa mwalimu?"

Yule mama hakucheka. Akasema, "Baba, hiki hakimjui mtu yeyote huko kwenu. Kinajua barabara kubwa basi. Unasimama langoni, unabonyeza hapa, unaandika jina. Wewe ndiye utakifundisha."

Sijui kwa nini neno hilo lilinishika. Mtu wa darasa la tatu, nifundishe kitu cha setelaiti! Nikamwambia binti achukue hicho. Bei sitaisema, mke wangu bado anafikiri ni taa.

Tulizunguka wiki nzima na nyingine. Kwa kila lango tunasimama, binti anabonyeza. Tuligombana sana juu ya majina. Yeye anaandika "lango la bluu." Mimi namwambia rangi itaisha, andika "kwa mwalimu aliyehama."

"Baba, nikiandika wote waliohama nitakuwa kama yule punda wa nyanya yangu."

Tukakubaliana aandike jina la ng'ombe. Ng'ombe kwetu ana jina, na jina hilo halihami bila watu kujua. Kimashine kilijaa majina ya ng'ombe, mlima kwa mlima, na vijia pia, tukivipita kikawa kinavichora chenyewe. Daraja la magogo linaloteleza nikamwonyesha, akaliwekea alama nyekundu ya hatari. Nilipomaliza kichwa changu kilikuwa chepesi. Ni kama nimepakua lori.

Halafu yule mjane akapiga simu. Saa saba mchana, mvua ya asubuhi imeacha matope. Ng'ombe alikuwa kwenye joto tangu alfajiri. "Nimewapigia nyinyi kwanza," akasema, "lakini nambari ya Bomet iko hapa mkononi." Nilipanda nyuma, nyonga ikalia, nikaiambia nyamaza.

Niliapa njiani sitasema neno. Wacha nikwambie, ni kazi ngumu kuliko kupakia majani. Kila njia panda mdomo unafunguka wenyewe. Kimashine kilikuwa kinaonyesha mshale, na binti anaufuata bila kugeuza kichwa. Kwenye njia panda ya daraja la magogo kilimpeleka juu, mbali na hatari. Nikauma ulimi.

Chini ya mlima wa yule mjane tope lilikuwa zito. Gurudumu la nyuma likacheza. Binti akasimamisha, akaangalia kilima, akaniangalia kwa kioo. Na mimi niliona vizuri: peke yake atapanda, na mimi nyuma hatapanda.

Nikashuka.

"Baba, na njia?"

"Njia unayo mkononi."

"Nikupitie nikirudi?"

"Enda, ng'ombe hangoji mkutano."

Alipanda akirusha tope. Nikasimama nimeegemea fimbo, nikasikiliza. Sauti ilipita kwa mwenye mbwa, mbwa akabweka. Ikapita pale palipokuwa na mti. Ikafika kwa mwalimu, na hapo nikainua kichwa, maana hapo ndipo alipopotea. Haikusita. Ilipinda, ikapanda kidogo tena, ikazima, pale pale hasa lango la mjane lilipo. Nikasikia yule mama akiita kwa furaha, "Umefika mapema hivi!"

Jua lilikuwa bado juu. Nikashika kijia cha kukatiza kinachopita kwenye chai ya jirani, kile ambacho hata kimashine hakikijui kwa sababu sikukisema, nikaenda nyumbani polepole na nyonga yangu. Kiti kile cha nyuma sikukipanda tena.