Mpishi wa chapati za viazi asiyesikia ladha ya chapati zake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jikoni mwa nyumba ya vyumba viwili, mwanamume wa miaka hamsini na tisa anaweka tonge la viazi vilivyopondwa katikati ya donge la unga. Analikunja pembe kwa pembe, analibana juu kwa vidole vitatu, kisha analigeuza. Ukilitazama huoni lilipofungiwa. Analipaka unga mkavu na kuanza kulisukuma taratibu kwenye kibao, shingo ameilaza upande kama anayesikiliza kitu.

Kando yake, juu ya kigoda, mkewe ameshika kijiko cha chai. Amekwisha onja viazi mara mbili.

“Chumvi?” anauliza mume.

“Ipo.”

“Ipo vipi? Ipo kidogo au ipo sawa?”

“Ipo, Fundi. Nimeshasema ipo.”

Mume anafuta mikono, anakwenda kwenye mizani ndogo iliyo dirishani na kupima tena chumvi ya fungu linalofuata. Anarudi kwenye kibao chake.

Mtaa mzima humwita Fundi kwa sababu alishona nguo kwa miaka ishirini na saba. Siku hizi hashoni. Anapika chapati za kujaza viazi, zile ambazo Wahindi huziita paratha, na kuzipeleka kwenye ofisi mbili na shule moja kabla ya saa nne. Kwa siku hutoa chapati sabini.

Wanaozila wengi hawajui kwamba kwa miezi minane sasa, mpishi wao hasikii harufu wala ladha.

“Nikitia kinywani najua ni ya moto, najua ni laini, najua pilipili inachoma. Basi, hapo ndipo mwisho,” anasema. “Ladha yenyewe sijui imekwenda wapi.”

Hilo ni la kusikitisha, lakini silo linalomkosesha usingizi. Linalomsumbua ni kwamba kabla ya kuugua alikuwa akiuza chapati arobaini tu, na tangu ulimi wake ulipozima, watu wamezidi kuzipenda.

“Mtu angeniambia biashara imekufa, ningeelewa. Sasa naambiwa zimekuwa tamu kuliko zamani. Tamu kwa lipi? Nimefanya nini? Mimi mwenyewe nimebaki nimeduwaa.”

Kazi hii aliianza kwa bahati tu. Duka lake la ushonaji lilikuwa chini ya jengo la ghorofa moja, na juu yake aliishi bibi mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye kila mara alikuwa na pazia la kupunguza au shuka la kukunja ukingo. Vidole vya bibi huyo vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Asubuhi moja alimwita fundi juu, akamwonyesha beseni la unga aliloshindwa kulimaliza.

“Aliniambia, wewe mikono yako imezoea kukunja, hebu nikunjie na hizi,” anakumbuka. “Nikadhani ni utani. Nikazikunja. Akacheka mpaka akakaa chini. Zilikuwa na umbo la mifuko ya suruali.”

Kila Jumapili kwa miaka miwili alipanda ngazi zile. Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko na kuelekeza, fundi akasukuma. Bibi alipohamia nchi ya mbali kwa mwanawe, alimwachia kibao na kikaango cha chuma. Nguo za mitumba na za dukani zilikuwa zimeshamnyang’anya wateja, duka likafungwa, na fundi akaanza kupika nyumbani. Siku ya kwanza alipika kumi. Nne zilirudi, wakazila yeye na mkewe.

Mwaka huu akapatwa na mafua. Yalimlaza siku tisa. Siku ya kumi alisimama jikoni akikata vitunguu na kugundua kwamba havinuki.

“Nilimgeukia huyu,” anasema akimwonyesha mkewe kwa kidevu. “Nikampa maneno kwamba amenunua vitunguu vya ovyo.”

“Maneno mengi,” mkewe anaongeza. “Hadi leo hajaniomba radhi.”

“Nimekuomba.”

“Lini?”

“Basi leo.”

Asubuhi hiyo alitia chumvi, akaonja, akaona bado. Akatia tena. Chapati zikaenda shuleni. Saa tano mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alikuja mpaka mlangoni na nusu chapati iliyofungwa kwenye karatasi.

“Alinivuta pembeni kwa adabu kabisa,” Fundi anasimulia. “Akaniuliza, Fundi, nyumbani kuna amani? Nikamjibu ipo. Akasema, basi onja hii. Nikaonja. Nikamwambia mbona ni nzuri, mwalimu. Alinitazama nikaona ananiogopa.”

Mwalimu alipoondoka, Fundi alichota chumvi kijiko kizima na kukiweka ulimini. Anasema ilikuwa kama mchanga. Alikaa juu ya gunia la viazi mpaka mkewe alipokuja kumuuliza kama anaumwa.

Daktari aliwaambia kwamba hali hiyo huwatokea baadhi ya watu baada ya mafua makali, kwamba huenda ladha ikarudi na huenda isirudi, na kwamba hawezi kutaja siku. Alimpa zoezi: asubuhi na jioni anuse ndimu, karafuu, kahawa na sabuni, kila kimoja kwa zamu, huku akijikumbusha harufu yake ya zamani.

Zoezi hilo likazidi kumchanganya. Kwa wiki saba hakusikia chochote. Kisha kahawa ikaanza kunuka mpira unaoungua. Sabuni ikanuka kitunguu, kile kile kitunguu ambacho kikiwa mbele yake hakinuki kabisa.

“Ananawa mikono halafu anakuja kuniambia leo mboga inanukia vizuri,” anasema mkewe. “Na mimi sijabandika hata sufuria.”

Siku moja karafuu zilimnukia kitambaa kipya, jora lile linapofunguliwa mara ya kwanza juu ya meza ya kukatia. Harufu ilidumu kwa kupumua mara mbili, ikapotea.

“Nililia,” anasema. “Sijui nililia kwa sababu imekuja au kwa sababu imekwenda. Wala haikuwa ya karafuu.”

Wakati huo kazi ilibidi iendelee, na mwonjaji aliyekuwepo ni mkewe. Tatizo ni kwamba mama huyo ana presha, na kwa miaka sita amekula chakula cha chumvi kidogo. Kwake yeye kila kitu kina chumvi. Wiki ya kwanza chapati zilitoka zimepooza, bila chumvi, kama uji wa mgonjwa. Wakagombana. Mume akasema ulimi wa mkewe umeharibika, mke akamjibu kwamba angalau yeye anao. Siku mbili hawakusemezana ila kwa habari za unga.

Ndipo Fundi alipotoa mizani iliyokuwa kabatini na kuanza kupima kile ambacho mkono wake ulizoea kuchota: viazi, chumvi, binzari nyembamba, giligilani, pilipili. Baada ya wiki tatu hivi, ofisi ya kwanza ikaomba chapati kumi zaidi. Mwezi uliofuata ikaja ofisi ya pili. Wateja wakaanza kumwuliza amebadilisha nini.

Alidhani ni vipimo. Mkewe alidhani ni samli, kwa kuwa walikuwa wamebadilisha duka. Mwalimu yule wa shule alimwambia ni unga, umekuwa laini zaidi. Fundi akaamua kujua mwenyewe. Wiki moja alirudia samli ya zamani. Hakuna aliyeona tofauti. Wiki nyingine alimwachia mkewe, ambaye mkono wake ulikuwa umeshazoea vipimo, kutengeneza viazi vyote bila mizani, yeye akasukuma na kuchoma tu. Wateja wakasifu vile vile. Siku aliyorudi kwa daktari, mkewe alifanya kazi yote peke yake kwa vipimo vile vile. Kabla ya saa sita mteja mmoja akapiga simu kuuliza kama Fundi ni mgonjwa.

“Sasa niambie wewe,” anamwambia mwandishi. “Ni mkono? Mkono wangu ni ule ule. Zamani nilikuwa na mkono na ulimi. Sasa nina mkono tu. Inakuwaje nipunguze kitu na kitu kiongezeke?”

Mkewe ana maelezo yake. Anasema zamani mumewe alikuwa akipika huku anaongea, akionja onja na kushiba kabla ya wateja. Siku hizi hanyanyui kichwa. Husikiliza chapati ikisukumwa, hugusa kila donge, huinua ukingo wa chapati kikaangoni kutazama rangi ya upande wa chini. “Anaogopa,” anasema mama huyo kwa sauti ya chini, ingawa mumewe yuko hatua mbili tu. “Mtu anayeogopa hupika vizuri. Lakini sipendi kumwona hivyo.”

Mwezi uliopita Fundi alipata namba ya bibi wa ghorofani kupitia jamaa zake. Alitaka kumwuliza yule aliyemfundisha.

“Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba, akanijua kwa sauti. Nikamweleza yote. Akaniambia nimtajie ninavyotia. Nikataja. Nilipofika kwenye binzari nyembamba akanikatisha. Akasema, mimi sikukufundisha kutia hiyo. Nikamwambia bibi, ulinifundisha. Akasema, sijawahi kuitia kwenye viazi maisha yangu yote, mume wangu alikuwa haipendi.”

Kwa miaka yote Fundi alikuwa akiwaambia wateja kwamba mapishi yale ni ya bibi, hajabadilisha hata chembe. Alipomwuliza mkewe binzari ile ilitoka wapi, mkewe naye hakujua.

“Nilipiga simu nipate jibu,” anasema. “Nikakata nikiwa na maswali mawili.”

Wiki mbili baadaye, msimamizi wa mgahawa wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja alimwita kwa majaribio. Alitaka mtu wa kuleta chapati mia kwa siku, mara tatu kwa wiki. Fundi alipika mbele yake na mbele ya wapishi wawili wa mgahawa. Msimamizi akakata moja vipande, wote wakala. Kisha akaleta sahani ya pili, chapati za mpishi mwingine aliyeomba kazi hiyo hiyo.

“Onja hizi,” akamwambia. “Nieleze zako zinazishinda kwa nini.”

Fundi alikitia kipande kinywani, akatafuna. Anasema alikuwa na uwongo tayari, alikuwa ameutengeneza njiani: angesema hizi zina chumvi kidogo, au viazi havikuiva. Mtu hawezi kukosea sana kwa maneno hayo.

“Nikameza,” anasema. “Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, dada, mimi sisikii ladha. Nina miezi zaidi ya saba. Hizi na zangu kwangu ni kitu kimoja.”

Wapishi wawili walitazamana. Msimamizi akauliza anapikaje. Fundi akamweleza habari za mizani, mkewe na kijiko, sikio lake na kibao. Akafunga vyombo vyake, akaaga, akarudi nyumbani akijua imekwisha. Siku ya tatu akapigiwa simu kwamba kazi ni yake.

Msimamizi huyo, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwambia mwandishi kwamba hakufanya hivyo kwa huruma. “Nina watu mia tatu wa kulisha, huruma nitaipeleka wapi?” alisema. “Chapati zake zilikuwa bora. Na wapishi ninaowajua mimi, chakula kikiharibika wanakuapia kiko sawa. Huyu anakubali asichokijua. Tutamwonjea sisi.”

Fundi alipoelezwa maneno hayo alitikisa kichwa. Bado anashuku kwamba alihurumiwa. Mkewe amemwambia akiendelea kushuku atampelekea msimamizi barua ya kukataa kazi kwa niaba yake, aone kama Fundi ataomboleza au atashukuru.

Kuna jambo moja jipya. Kazi ya kiwandani inaanza Jumatatu ijayo, na kiwanda kimeomba kwamba siku moja kwa wiki chapati zijazwe mchicha badala ya viazi. Fundi amekubali. Juzi alipika sita za majaribio, na mkewe akaonja ya kwanza.

“Iko sawa?” akamwuliza.

“Inatakiwa iweje?” mkewe akauliza naye.

Ya viazi Fundi aliila kwa miaka, na akifumba macho anasema anaikumbuka, au anadhani anaikumbuka. Ya mchicha hajawahi kuionja katika maisha yake. Msimamizi atasema, wapishi watasema, mkewe atasema na kugombana nao. Yeye atapima na kuandika.

Daktari amemtaka arudi baada ya miezi mitatu. Akiba ikitosha, mwisho wa mwaka anataka kuongeza jiko la pili, mkewe achome huku yeye anasukuma. Na ladha ikirudi?

Anaviringisha donge la mwisho na kuliweka pembeni.

“Ikirudi, ya kwanza nitakayokula ni ya mchicha,” anasema. “Nitakaa pale mezani kama mteja mgeni, huyu aniletee. Nataka nijue nimekuwa nikiwalisha watu nini.”