Bibi yangu alishindwa kutaja jina la mkwewe, babu akapotelea vitani

Wakuu, salama? Mnaotaka chai pitieni nyuzi nyingine. Hii ni ya nyumbani kwetu Kyela, na mpaka leo inaniuma.

Bibi mzaa baba ndiye aliyenilea, pale Ipinda. Aliolewa kigori, Mjerumani bado anatawala.

Baba mkwe wake aliitwa Mvule, jina la mti. (Jina lenyewe ni la Kinyakyusa, silitaji hapa, naweka hilo la Kiswahili.) Mjerumani akaja kujenga posti ya askari karibu na mvule mmoja mkubwa, nayo posti ikaitwa Mvule. Mti, mzee, posti, jina moja.

Sasa mila ya kwetu: mke hamtazami baba mkwe, hasemi naye, halitaji jina lake. Hata mti wenye jina hilo hautaji! Wanawake walikuwa na maneno yao ya kuzungukia. Mvule, bibi aliuita "mti wa mbao".

Vita na Mwingereza ilipoanza, askari walimkamata babu shambani kwenye mpunga, wakamfungia hapo posti awe mpagazi. Bibi ana mimba, tumboni ni baba yangu. Akakimbilia misheni peke yake, maana mchungaji Mzungu akiandika barua, Mkristo wake anaachiwa.

Mwalimu wa misheni, mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa, akamuuliza, "Mama, wamempeleka posti gani?"

Bibi akatafuta neno la kuzungukia.

"Mama, mchungaji aandike wapi?"

"Ile ya mti wa mbao."

Jamani! Mgeni angejuaje? Posti nyingine, ya ufukweni, nayo ilikuwa na mti mkubwa, akajua ndiyo hiyo. Barua ikapelekwa huko. Mpaka kosa linagundulika, babu na wenzake walishatwishwa mizigo, wameondoka.

Hakurudi. Kaburi lake hatulijui.

Nilichojifunza? Heshima ni nzuri, ila hii naichukia, na atakayenitukana anitukane. Wake za wanangu nimewaambia wanitaje jina popote, muda wowote. Mmoja bado anainamisha kichwa, ananiita "yule baba". Wakuu, mkeo akiulizwa hospitali jina la baba yako, atalisema? Jibuni hapo chini bila kuremba.

Maana mzee Mvule alipopata habari alikuja akasimama nje ya ukuta wa mianzi, bibi yuko ndani, akawa analia: "Mwanangu, si ungelitaja tu? Si ungelitaja tu?"

Na bibi hakumjibu. Kusema naye ilikuwa mwiko.