Uwanja wa Chuo Uliotiwa Mbolea Kama Shamba la Chai

Umande ungali kwenye nyasi, na Janefer Nyanchoka amesimama katikati ya uwanja wa mpira, mikono kichwani. Ndoo ya chokaa imemponyoka na kumwagikia viatu vyake, wala hana habari.

Anachokitazama hakiaminiki. Kuanzia goli la juu hadi mstari wa katikati, uwanja umejaa mabaka ya nyasi zilizoungua, kila baka upana wa sahani, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Utadhani mtu alipanda chai hapa, kisha akang'oa miche yote.

"Nilikaa chini hapo hapo," anasimulia. "Nikasema, Mungu wangu, uwanja imeniishia mkononi."

Hiyo ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa Agosti mwaka huu wa 1996. Jumamosi yake bodi ya chuo ilikuwa inakuja kutazama mechi, na baada ya mechi iamue: uwanja ubaki, au ulimwe, upandwe chai na kukiletea chuo mapato.

Nyanchoka, au Mama Gichana kwa majirani, mama wa watoto wanne kutoka upande wa Borabu, ndiye mtunza uwanja wa chuo hiki kilicho nje kidogo ya Sotik. Kabla ya hapo alichuma majani chai Kericho mpaka vidole vikaota sugu. Kwa mshahara wa shilingi elfu mbili na mia nne kwa mwezi anafyeka nyasi, anachora mistari, anafukuza ng'ombe, na ikibidi anafukuza hata wahadhiri wanaokatiza uwanjani kwa viatu vya visigino.

Uwanja wenyewe ulichimbwa kwa majembe ubavuni mwa kilima, chuo kilipokuwa bado shule ndogo ya walimu. Upande wa juu udongo ulikatwa ngazi ngazi, na hizo ngazi ndizo viti vya mashabiki mpaka leo. Jukwaa la mbao lilikuja baadaye, likaliwa na mchwa. Chuo kilipofanywa tawi la chuo kikuu, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, wageni wakaanza kuuita stediamu. Wenyeji hawakubishana nao.

Balaa lilianza kwa nia njema kabisa. Mvua ilikuwa imekawia, nyasi zimefifia. Jirani yake, Caren Chemutai, mkulima wa chai, akajitolea magunia mawili ya mbolea na kuleta akina mama wenzake waje kuimwaga. Nyanchoka akashukuru, akawaachia uwanja, akaenda kwao kumzika shangazi yake.

Sasa, mtu aliyelelewa kwenye chai ana mkono wake. Hatua moja, konzi moja ya mbolea kwenye shina. Hatua nyingine, konzi nyingine. Akina mama walijipanga mstari, wakaimba, wakaenda hivyo hivyo mpaka mbolea ikaisha. Hakuna aliyekumbuka kwamba nyasi hurushiwa mbolea kidogo kidogo. Jua la siku chache likamaliza kazi.

Chemutai alipoitwa kuona, alijifunika uso kwa leso.

"Woi, Mama Gichana, tumekuua! Sisi tulifanya tu vile tunafanyianga chai."

Mkuu wa chuo naye alifika, akatazama mistari ile, akacheka. "Basi mashimo yako tayari," akasema. "Tulete miche tu."

Kicheko hicho, Nyanchoka anasema, kilimshtua kuliko hata nyasi. Angeweza kuwataja akina mama ajiokoe, lakini hakuwataja. "Mbolea ilikuwa yao, jasho yao. Mimi ndio nilienda bila kuwaonyesha. Nitawachoma aje kwa mkuu?"

Jumanne asubuhi akashtuka tena. Chemutai alikuwa anapanda kilima na karai kichwani, ndani yake vipande vya nyasi mbichi na udongo wake, alivyovikata kwenye boma lake mwenyewe. Nyuma yake waliandamana majirani, kila mmoja na karai lake.

Adhuhuri wakafika akina mama wa kanisa la Nyanchoka kutoka Borabu, nao wamebeba nyasi. Hapo majembe yote yalisimama. Tangu vita vya mpakani kati ya Sotik na Borabu miaka minne iliyopita, watu wa pande hizi mbili walikuwa wakisalimiana kwa mbali.

"Niliogopa," Nyanchoka anakiri. "Nikajua hapa kutaharibika. Halafu Mama Weldon akapokea mmoja wao karai, akamuuliza, 'Hii tuweke wapi?' Nililia kama mtoto."

Huyo Mama Weldon ni Chemutai. Walichimba, wakapachika, wakachota maji mtoni mpaka Ijumaa. Jumamosi chuo kilifungwa mabao mawili kwa moja, na bodi ikaahirisha uamuzi wake hadi Desemba.

Nyanchoka hajatulia. Anataka bodi ikutane uwanjani, si ofisini, na yeye apewe nafasi ya kusema. Ameshajipangia maneno yake, na ananionyesha kwa kidole, baka kwa baka.

"Pale kwa kona ni nyasi ya Chemutai. Hapa kwa penalti ni ya Borabu. Wakitaka kulima, waniambie wataanza na boma ya nani."