Kidole Changu Juu ya Mawingu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya setilaiti: kimbunga cheupe, cha mviringo, kimefunika visiwa vya baharini. Nilimrudishia simu haraka. Picha kama ile niliwahi kuiona mtaani Isevya, nyumbani kwa mjomba, nikiwa darasa la tatu.

Mjomba wangu alifanya kazi kituo cha hali ya hewa. Mchana ule alirudi na picha ya mawingu kwenye karatasi ya mashine iliyonuka kuungua, akaiacha mezani akaenda kuswali. Bibi alikuwa amekuja kutoka kijiji chao cha ujamaa, huko Puge. Kwake lilibaki debe moja la karanga, na hakujua azipande au awalishe wajukuu.

“Haya mke mwenza, wewe msomi,” alinitania akinisogezea ile karatasi, “Puge iko wapi hapa?”

Niliona aibu kusema sijui. Nikaweka kidole penye weupe mwingi. “Hapa, bibi. Mawingu yamejaa.”

“Weee! Basi nikapande.” Hakumsubiri hata mjomba.

Sasa najua kidole changu kilikuwa baharini, juu ya visiwa. Pengine bibi angepanda hata ningenyamaza. Sina hakika, na sitaki kujipunguzia lawama. Mvua haikuja. Karanga zililiwa na mchwa, na Hamisi, binamu yangu mdogo aliyelelewa na bibi, njaa ilimmaliza.

Msibani jirani mmoja aliuliza, “Nani alikwambia upande mapema vile?”

“Kichwa changu mwenyewe,” bibi alijibu.

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Nikakificha kidole changu ndani ya khanga yake.