Lastiki ya Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu wa hesabu wa shule yetu, hapa Gongo la Mboto, hatembei na rula. Mfukoni ana kipande cha lastiki ya sketi alichokifunga ncha, na akifundisha hukitanua kwa vidole vitatu vyembamba vilivyopauka kwa chaki. Sauti yake ni ndogo. Darasa la watu themanini hunyamaza lenyewe ili limsikie. Jana kikao cha walimu kilimjadili Usama wa kidato cha tatu, aliyekutwa na bangi kwa mara ya pili. "Yule kashaharibika," alisema mwalimu wa nidhamu. Elibariki wa baiolojia akaongezea kwamba seli ikishachakaa hairudi kuwa mpya. Tukanyoosha mikono afukuzwe, na mie wa Uraia nikiwemo.

Mkuu wa shule alipokuwa anaihesabu mikono, mwalimu wa hesabu akatoa lastiki yake. Akaitanua ikawa pembetatu, kisha akakishusha kidole cha juu taratibu mpaka ikalala, mstari mtupu. "Hii ni nini?" aliuliza. "Ni pembetatu, jamani. Imelala tu. Pembe mbili zimebaki sifuri, ya tatu imebeba nyuzi zote mia na themanini. Haijapungukiwa na kitu." Akaanza kukiinua kidole, polepole mno, na walimu wazima kumi na wanne tukakifuata kwa macho. Pembetatu ikasimama. Nilipokuja kushtuka, mkono wangu ulikuwa umeshashuka, na sikumbuki niliushusha saa ngapi.