Ndoo Niliyompelekea Mama Upendo

Leo nimekwenda kumpa mtu pole, nikarudi nimetulia mimi.

Jana mvua ya mawe imemaliza shamba la viazi la jirani yangu, Mama Upendo, hapa Kilolo. Majani yote chini.

Asubuhi nikajaza unga kwenye ndoo, nikaenda. Na kichwa changu chenyewe kilikuwa moto, jamani. Mama yangu yuko wodini, usingizi siupati.

Nikamkuta anafukua viazi, akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mdogo wangu! Kabla ya pole, tushukuru kwanza."

Tushukuru?? Nikaduwaa.

Akafumba macho. "Asante Bwana, bati halikutoboka, watoto wamelala pakavu." Hapo sauti ikamkatika, akalia. Akajifuta kwa kanga, akaendelea kushukuru! Halafu akanigeukia: "Haya, na wewe."

Nikaweka ndoo chini. (Wewe ungesema nini? Niandikie hapo chini.)

Mwishowe nikasema, "Asante, mama yangu bado ananitambua, ananiita jina langu."

Kifua kikalegea. Nikapumua.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ndoo yangu imerudi na viazi vichanga, nimevichemsha, nikavipeleka wodini.

Mama amekula viwili. Akaniita jina langu, akaomba kingine.